Sura ya Saba: Kijiti Kilidondoka Wapi?

Mwalimu aliilaza bodi juu ya meza yangu kama mtu aliyeleta kuku aliyekufa ghafla: kwa huruma, na kwa shaka kidogo kwamba kuna mkono wa mtu.

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwambia, maana haraka ilimfanya aingie bila salamu.

"Marahaba. Mwanangu, hii ni mpya. Nimeinunua juzi, na haiwaki."

Ilikuwa Raspberry Pi 4. Nilipoichomeka kwenye umeme, taa nyekundu iliwaka na kutulia. Taa ya kijani iliyo jirani yake ikapepesa mara nne, ikanyamaza, ikapepesa tena mara nne. Televisheni tuliyoiunganisha nayo ilibaki nyeusi. Mwalimu aliikodolea macho televisheni. Mimi nilikuwa nahesabu.

Kadi ya kumbukumbu iliyokuwa ndani yake ilitoka kwenye Raspberry Pi 3 ya shule, iliyouawa na radi msimu wa masika. Mfumo wake uliwekwa mwaka 2017 na haukuguswa tena. Hoja ya Mwalimu ilinyooka: kadi ilifanya kazi hadi siku ya radi, kwa hiyo kadi ni nzima, bodi ndiyo ngeni, kwa hiyo bodi ndiyo mbovu. Kumbe vyote viwili vilikuwa vizima. Kupepesa mara nne ni ishara iliyowekwa na watengenezaji wenyewe, nayo inasema kwamba bodi imelitafuta kwenye kadi faili linaloanza na jina start na haikuliona. Raspberry Pi 4 ilitoka Juni 2019 na inataka faili liitwalo start4.elf. Kadi iliyoandikwa 2017 ingelitoa wapi? Tuliandika mfumo mpya kwenye kadi nyingine, tukahamisha masomo ya wanafunzi, na kabla ya adhuhuri Mwalimu alikuwa barabarani anatafuta bajaji.

Neno "haiwaki" ndilo linalotupoteza. Linatufanya tuione bodi kama balbu: ama imewaka, ama imezima. Lakini kompyuta ndogo haiamki kwa mkupuo mmoja. Inaamka kama wanariadha wa mbio za kupokezana vijiti, na kila mmoja ana umbali wake mfupi wa kukimbia.

Wa kwanza ni programu fupi iliyochomwa ndani ya chipu yenyewe kiwandani. Hakuna anayeweza kuifuta wala kuirekebisha. Anajua jambo moja tu: mahali pa kumtafuta mwenzake, iwe kwenye kadi, kwenye flashi iliyolehemiwa ubaoni, au kwenye waya wa USB. Wakati huo RAM kubwa ya bodi bado imelala. Haijui hata mwendo wake. Kwa hiyo mkimbiaji wa pili lazima awe mdogo mno, atoshee ndani ya chipu. Chipu ya AM335x iliyo kwenye BeagleBone Black, kwa mfano, ina kilobaiti 128 tu za kumbukumbu ya ndani, na hata hizo hapewi zote. Kazi ya huyu wa pili ni kuiamsha RAM na kumwita wa tatu, butiloda kamili, ambaye kwenye bodi nyingi anaitwa U-Boot. Butiloda anaipakia kerneli ya Linux, anaikabidhi ramani ya vifaa vilivyo ubaoni na mstari mmoja wa maagizo. Kerneli inaitafuta patisheni kuu ya mafaili, inaifungua, na ndani yake inaiwasha programu ya kwanza ya kawaida, init. Hapo ndipo wengi wetu huanza kuhesabu kwamba kompyuta imewaka.

Raspberry Pi ina ukorofi wake. Ndani ya chipu yake, anayeamka kwanza ni prosesa ya michoro, na prosesa ya ARM, ile tunayoilipia, inalala hadi mwenzake amalize kupakia kila kitu. Hadi Raspberry Pi 3 faili la kwanza, bootcode.bin, lilikaa kwenye kadi. Kuanzia Raspberry Pi 4 kazi hiyo ilihamia kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu iliyo ubaoni.

Fundi anayeelewa mpangilio huu haulizi tena kama bodi imekufa. Anauliza kijiti kilidondoka mikononi mwa nani. Na kwa kuwa karibu kila mkimbiaji husema neno kabla ya kukabidhi, swali linakuwa jepesi zaidi: nani alisema mwisho?

* * *

Tatizo ni kwamba hawasemi kwenye televisheni. Skrini huja baadaye sana katika mbio hizi. Wanasema kwenye waya wa seriali, teknolojia ya zamani kuliko wengi wa wanaoisoma sura hii, na kama kuna jambo moja ningependa ulibebe kutoka hapa hadi dukani, ni kununua adapta ya USB kwenda seriali kabla ya kununua bodi ya pili.

Karibu kila kifaa kidogo kinachotumia Linux, hata kilichofichwa ndani ya ruta au king'amuzi, kina pini tatu au nne mahali fulani pembeni mwa ubao. Mara nyingine hata vichwa vyake havikulehemiwa. Utakuta vitobo vitupu vinavyong'aa. Unahitaji tatu kati yake: waya wa ardhi kwa waya wa ardhi, kisha TX ya bodi kwenye RX ya adapta, na RX ya bodi kwenye TX ya adapta. Mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule. Wageni huunganisha mdomo kwa mdomo, wakapata kimya, wakaitangaza bodi kuwa maiti. Ukikuta kimya kabisa, badilishana nyaya hizo mbili kwanza kabla hujafikiri jambo lingine lolote. Pini ya nne, ya umeme, iache ilivyo. Na pima kwa multimita: bodi nyingi za sasa husema kwa volti 3.3, na adapta ya volti 5 inaweza kuliunguza sikio la chipu moja kwa moja.

Kasi ya kawaida ni 115200. Bodi zenye chipu za Rockchip mara nyingi husema kwa 1500000, na hapo adapta za CP2102, zinazoishia takribani biti milioni moja kwa sekunde, haziwezi kufuatilia. Matokeo yake ni mvua ya herufi zisizosomeka. Fundi mgeni akiona takataka zile hukata tamaa, mimi hufurahi. Bodi inasema, ni kasi tu ambayo hatujapatana.

BeagleBone Black ina namna yake ya kulalamika ambayo naipenda. Ikikosa kabisa pa kuanzia, programu ya kiwandani ndani ya chipu huandika herufi moja kwenye seriali, tena na tena: CCCCCC. Ni mwaliko wa itifaki ya kale iitwayo XMODEM, ikimwomba yeyote aliye upande wa pili wa waya aitumie programu. Mtu akiona C zimepangana hivyo, ameshajua mengi: umeme upo, chipu ni nzima, na mkimbiaji wa pili hakuonekana kwenye kadi wala kwenye flashi.

Kuna mtego mmoja wa seriali ambao uliwahi kunipotezea wiki. Nilifunga bodi juu ya paa pamoja na kipimo cha mvua. Mezani iliwaka kila mara. Juu ya paa iliwaka leo, kesho ikagoma. Niliibeba kuishusha, ikawaka. Niliipandisha, ikagoma. Nilishaanza kulaumu jua. Kisha nikagundua kwamba nilikuwa nimeuacha waya wa seriali ukining'inia kwenye pini bila kompyuta upande wa pili, na waya usioshikwa na chochote ni antena. U-Boot inapoanza huhesabu sekunde chache ikisubiri kama kuna mtu atakayebonyeza kitufe. Akibonyeza, inasitisha safari na kusubiri amri. Kelele za hewani ziliingia kwenye sikio la bodi kama herufi, U-Boot ikadhani nimeiita, ikasimama na kunisubiri kwa adabu usiku kucha. Niling'oa waya. Kwenye bodi nyingine za namna hiyo nimeweka bootdelay kuwa -2, ambayo huiambia U-Boot isihesabu na isisikilize.

Mtego wa pili ni mfupi: waya wa TX wa adapta unaweza kuivujishia umeme bodi iliyochomolewa, ikabaki nusu hai. Ukitaka kuizima kweli, chomoa na seriali.

* * *

Niseme kidogo kuhusu huyo U-Boot, maana wengi tunamtumia bila kumjua aliyemlea. Mjerumani Wolfgang Denk, kupitia kampuni yake ndogo ya DENX karibu na mji wa München, ndiye aliyeukuza mradi huu. Mwaka 2000 ulijulikana kama PPCBoot na ulihudumia prosesa za PowerPC pekee. Ulipoanza kuzibeba familia nyingine za prosesa, jina halikufaa tena, na mwaka 2002 ukaitwa U-Boot, neno ambalo kwa Kijerumani ni nyambizi. Denk alifariki mwaka 2022. Tangu 2008 matoleo yake hutajwa kwa mwaka na mwezi, 2013.04 kwa mfano, na namba hiyo huchapishwa kwenye mstari wa kwanza kabisa wa seriali. Tutauhitaji mstari huo mwishoni.

Ukibonyeza kitufe wakati inahesabu, U-Boot inakupa sehemu ya kuandikia amri. Amri ya printenv itakuonyesha mawazo yake yote: bootcmd ni hatua inazokusudia kuzifuata, na bootargs ni yale maagizo itakayoipa kerneli. Zisome polepole. Makosa mengi yako hapo wazi, faili linatafutwa kwenye patisheni ya 1 wakati wewe umeliweka kwenye ya 2. Utakutana pia na onyo kwamba CRC ni mbovu na mipangilio ya msingi inatumika. Onyo hilo limewafanya watu wengi wafute kadi bure. Kwenye bodi mpya ni la kawaida: hakuna aliyewahi kuhifadhi mipangilio, kwa hiyo hakuna cha kusomwa.

Kabla ya U-Boot, hata hivyo, kuna umeme na kuna kadi, na hapa ndipo kwetu bodi nyingi huangukia.

Chaja ya simu imeandikwa volti 5 na ampea 2, na mtu anaiamini. Lakini bodi hailishwi na chaja. Inalishwa na kilichobaki baada ya waya kula chake. Waya mwembamba wenye upinzani wa nusu ohm, ukipitisha ampea 1, hula nusu volti. Bodi inapata 4.5. Kwenye Raspberry Pi kuanzia Model B+, taa nyekundu huzimika umeme ukishuka chini ya volti 4.63 hivi, kwa hiyo taa nyekundu inayozimika na kuwaka haijaharibika, inakupigia kelele. Bodi kama hiyo huamka vizuri, ikafika pale kerneli inapowasha vifaa vyote kwa pamoja, ikazima, ikaanza upya. Ukiona mbio zinakatikia mahali tofauti kila mara, shuku umeme kabla ya programu. Programu mbovu huanguka palepale kila siku.

Watengenezaji nao hukosea. Matoleo ya kwanza ya Raspberry Pi 4 yalikosewa vipinga kwenye mlango wa USB-C, hivyo nyaya za bei ghali zenye chipu ya utambulisho ndani zilikataa kuilisha, huku waya wa bei poa ukiilisha bila neno. Na mwaka 2015 watu waligundua kwamba Raspberry Pi 2 huzima ikipigwa picha kwa kamera yenye mwanga wa xenon, kwa sababu chipu moja ya umeme ilikuwa wazi na mwanga mkali uliichanganya. Jambo hilo halina msaada wowote kwa fundi wa leo, lakini siwezi kuandika sura hii bila kulitaja.

Kadi ndiyo mtuhumiwa mkongwe. Kuna kosa la adabu: mtu anapakua imeji ya mfumo, analiburuta lile faili na kuliweka kwenye kadi kama wimbo, kisha anashangaa. Imeji huandikwa juu ya kadi nzima, sekta kwa sekta, kwa programu maalumu au kwa amri ya dd. Sababu ni kwamba mkimbiaji wa kwanza hajui mafaili. Kwenye chipu za Allwinner anachungulia kilobaiti 8 kutoka mwanzo wa kadi. Kwenye Rockchip anachungulia sekta ya 64. Pale hakuna jina la faili wala folda, ni baiti tupu. Ndiyo maana mtu anayegawa upya kadi yake kwa mpango wa GPT, kwenye bodi ya Allwinner, anaweza kumfuta mkimbiaji wa pili bila kujua: jedwali la GPT linakalia sekta 34 za mwanzo, na butiloda alikuwa ameketi kwenye ya 16.

Kisha kuna kadi za uongo. Imeandikwa GB 64, ndani ina 8, na kidhibiti chake kimefundishwa kudanganya. Mhandisi Andrew Huang, anayejulikana kama bunnie, alizifuatilia kadi za namna hii baada ya kukutana nazo kwenye uzalishaji kiwandani, na mwaka 2013, huko Ujerumani, yeye na mwenzake Sean Cross walionyesha kwamba ndani ya kadi mna kompyuta ndogo kamili inayoweza kuandikiwa programu nyingine. Kwa fundi jambo hili lina matokeo ya wazi: kadi haikupi ilichonacho, inakupa inachoamua kusema. Ijaze yote na uisome yote kabla ya kuiamini. Programu ya f3 hufanya kazi hiyo. Inachukua muda mrefu, nami huiacha ikiendelea wakati nakula.

* * *

Sasa tuseme umeme ni mzuri, kadi ni ya kweli, U-Boot imehesabu na kupita. Seriali inaandika "Starting kernel ..." na baada ya hapo, kimya. Huu ndio ukimya unaotesa kuliko yote, kwa kuwa U-Boot imeshaondoka uwanjani na kerneli haijasema.

Au imesema, lakini kwenye mlango mwingine. Hilo lichunguze kwanza. Kwenye bootargs kuna neno console likifuatiwa na jina la mlango: ttyS0 huku, ttyAMA0 kule, ttymxc0 kwenye chipu za i.MX. BeagleBone iliwahi kutumia ttyO0, herufi O na sifuri, kisha kerneli za baadaye zikaleta draiva nyingine na mlango uleule ukaitwa ttyS0. Ukibaki na jina la zamani, bodi huwaka kikamilifu huku ikinong'ona kwenye mlango usiokuwepo. Ijaribu kwa ping kabla ya kulia.

Mtuhumiwa wa pili ni ile ramani ya vifaa, mti wa vifaa kama unavyoitwa, na hapa inafaa tukae kidogo. Kompyuta ya mezani ina adabu za uswahilini. Kerneli inapiga hodi kwenye mlango, na kifaa kilichopo kinaitika, kinataja jina lake na kiwanda chake. Ndiyo sababu diski moja ya Linux huwaka kwenye kompyuta mia zisizofanana. Kwenye bodi ndogo milango mingi haina wa kuitika. Kihisi cha joto kwenye nyaya mbili za I2C hakijitambulishi. Lazima kerneli iambiwe mapema kwamba kipo na anwani yake ni ipi. Na kupiga hodi kwenye sehemu ya chipu ambayo bado haijawashwa kunaweza kuigandisha bodi nzima.

Zamani maelezo hayo yaliandikwa ndani ya kerneli yenyewe, bodi baada ya bodi, faili juu ya faili, hadi Machi 2011 Linus Torvalds alipofoka hadharani kuhusu vurugu ya msimbo wa ARM. Ulimwengu wa ARM ukaharakisha kuhamia kwenye mti wa vifaa, mbinu iliyokuwa ikitumika tayari kwenye PowerPC. Toleo 3.7 la Desemba 2012 ndilo lililoanza kuruhusu kerneli moja kuhudumia familia kadhaa za chipu za ARM. Faida ni kubwa. Gharama yake ni kwamba sasa kuna faili moja zaidi la kukosea: ukiipa kerneli mti wa bodi ya jirani, itapiga hodi nyumba isiyo yake na kuganda kabla ya kuandika herufi moja. Ongeza neno earlycon kwenye maagizo, na kwenye bodi nyingi kerneli itaanza kusema mapema, kabla ya draiva kamili ya seriali. Kama hata hapo ni kimya, angalia anwani za kupakia: huenda kerneli inapojifungua kutoka kwenye mgandamizo inaumwagikia mti wa vifaa uliowekwa karibu mno nayo.

Kimya kikishavunjika, kinachofuata huwa ni kelele. Mistari inashuka kwa kasi, halafu kerneli inatangaza hofu: haikuweza kuifungua patisheni kuu. Mwishoni mwa sentensi kuna mabano ambayo watu huyaruka, unknown-block(0,0) au unknown-block(179,2). Yasome hayo kabla ya kitu kingine. Namba 179 ni ya familia ya kadi na eMMC, ile flashi iliyolehemiwa ubaoni. Ukiona 179,2 kerneli imeiona kadi na patisheni yake ya pili, lakini imeshindwa kuelewa yaliyomo. Labda mfumo wa mafaili umeharibika umeme ulipokatika, labda kerneli haina draiva ya mfumo huo. Ukiona 0,0 haikukiona kifaa kabisa: jina limekosewa, draiva haipo, au kadi imechelewa kuamka, na kwa huyo mchelewaji dawa ni neno rootwait. Tiba za hali hizi mbili hazifanani hata kidogo, na nimeona watu wakiandika kadi upya mara kumi kwa ugonjwa wa 0,0, ambao mara nyingi yaliyoandikwa kwenye kadi hayahusiki nao.

Majina nayo yanahama. Bodi yenye eMMC na kadi inaweza kuiita kadi mmcblk0 leo, na baada ya kubadilisha kerneli ikaiita mmcblk1. Tumia PARTUUID, namba ya patisheni yenyewe, isiyojali nani ameamka kwanza. Na kama patisheni imefunguka lakini init imekataa kwa kosa la -8, umechukua mafaili ya prosesa ya aina nyingine.

Ruta zina ulimwengu wao, na nitazipita haraka. Nyingi hazina kadi ya kuchomoa, zina flashi ya megabaiti chache iliyolehemiwa, kwa hiyo kosa moja hukaa humohumo. Linksys WRT54G, iliyotoka Desemba 2002, ndiyo iliyotufundisha kuzifungua: mwaka 2003 msimbo wake wa Linux uliwekwa wazi kwa sababu ya leseni ya GPL, na mwaka 2004 ukazaliwa mradi wa OpenWrt. Watu walijifunza mapema kuwasha mpangilio wa boot_wait, ambao huifanya butiloda isubiri sekunde chache kwenye anwani 192.168.1.1 kama kuna mtu wa kuitumia mfumo kwa TFTP. Ruta kadhaa za TP-Link hufanya kinyume: ukishikilia kitufe cha reset, zenyewe ndizo zinazoitafuta kompyuta kwenye 192.168.0.66 na kuiomba faili la uokoaji kwa jina. Kwa ruta za aina hii kabla ya kuandika chochote, nakili patisheni ya ART, kilobaiti 64 za mwisho wa flashi. Mna vipimo vya redio vilivyopimwa kiwandani kwa kifaa hicho kimoja tu, na hakuna mahali pa kuvipakua vikipotea.

* * *

Bodi iliyoninyima usingizi kuliko zote haikuwa kimya hata kidogo. Ilikuwa BeagleBone Black, ya mteja, na ilisema kila kitu kwenye seriali kwa lugha fasaha. Niliweka mfumo mpya kwenye kadi. U-Boot iliamka, ikahesabu, ikaisoma kadi, ikatafuta kerneli mahali ambapo mfumo mpya hauweki chochote, ikalalamika, ikasimama. Nikabadilisha kadi. Nikabadilisha waya. Nikapakua imeji upya nikilinganisha alama za utambuzi herufi kwa herufi. Siku ya tatu ilinikuta bado nasoma mistari mitano ya mwisho, kama nilivyokuwa nikiwafundisha wengine: nani alisema mwisho, amesema nini.

Binti aliyekuwa mafunzoni kwetu alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

"Kaka, mbona hii inasema 2013?"

Alikuwa anasoma mstari wa kwanza. U-Boot 2013.04. Kadi yangu ilikuwa na toleo la miaka mingi baadaye. Kwa siku tatu nilikuwa nabishana na mkimbiaji ambaye hakutoka kwenye kadi yangu kabisa. Alikuwa amekaa kwenye eMMC ya bodi tangu kiwandani, na programu ya ndani ya chipu humchukua huyo kwanza, kadi baadaye, isipokuwa umeshikilia kitufe cha S2. Naye, kwa wema wake, aliichungulia kadi yangu na kutafuta vitu kwa desturi za enzi zake.

"Lakini S2 nilikishika jana," nilijitetea.

"Ulichomoa umeme, au ulibonyeza reset?"

Nilikuwa nimebonyeza reset. Chipu husoma pini za kuchagulia njia wakati umeme unaingia tu. Reset haiifanyi izisome tena. Tukachomoa umeme, na seriali pia. Yeye akakishikilia S2, mimi nikarudisha nyaya, akahesabu polepole hadi tatu, akaachia. Herufi zilipoanza kushuka, wote wawili tuliinamia juu ya skrini, kwenye mstari wa kwanza, tukiutafuta mwaka.